Waendako Ndege Wetu Mwezi wa Nne

Mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, masika yanapoanza kulainisha ardhi, chole wa Ulaya hupita kwa makundi juu ya mashariki ya Tanzania na pwani ya Kenya wakielekea kaskazini. Ni ndege wa ukubwa wa njiwa, kichwa na kifua cha samawati, mgongo wa rangi ya mdalasini. Siku hizo hizo keremkerem husikika juu kabisa kabla ya kuonekana, na mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya za umeme tangu Oktoba huanza kupungua. Wiki chache baadaye waya umebaki mtupu. Tumezoea kusema wameondoka, tukaishia hapo. Wameondoka kwenda wapi, ni wachache wanaouliza.

Leo tuwafuate hadi kisiwa kimoja cha Ugiriki. Lesvos ni cha tatu kwa ukubwa katika nchi hiyo, kilomita za mraba zipatazo 1,630, yaani karibu sawa na Unguja. Kimelala mashariki ya Bahari ya Aegean, karibu mno na Uturuki kiasi kwamba pale mlango wa bahari unapobana, pwani ya pili iko umbali wa kilomita kumi hivi tu. Kisiwa kinaishi kwa mizeituni, kondoo na samaki. Watalii wa kuota jua huja Julai. Lakini kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei huja kundi jingine kabisa: Waingereza, Waholanzi na Waswidi wa makamo na wazee, wenye kofia pana na viatu vya matope, kila mmoja na darubini shingoni. Hao hawana haja na ufukwe. Wamekuja kutembea polepole mashambani na kutazama ndege, na sehemu kubwa ya ndege wanaowalipia nauli ya ndege ya chuma na chumba cha hoteli walikuwa Afrika wiki mbili tatu kabla yao.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Lesvos, wakati Mediterania nzima ina ndege. Uhispania wanavuka kwa wingi mlango wa Gibraltar wenye upana wa kilomita 14, na Ufaransa kuna heroe maarufu wa Camargue. Ni kweli, lakini wengi wa wale ni ndege wa Afrika Magharibi. Korongo weupe wanatueleza vizuri jambo hili. Korongo hupaa kwa kubebwa na hewa moto inayopanda kutoka ardhini, na hewa hiyo haipandi juu ya bahari. Kwa hiyo huizunguka Mediterania badala ya kuikata katikati. Wa magharibi ya Ulaya hupitia Gibraltar na kuishia zaidi katika nchi za Sahel. Wa mashariki hupitia Bosphorus, Sinai na bonde la Nile, ndio hao tunaowaona Desemba wakiokota panzi Serengeti na Maasai Mara. Anayetaka kuwaona wageni wetu wakiwa kwao, au njiani kwenda kwao, aelekee upande wa mashariki.

Matembezi mengi ya Lesvos huanzia kando ya ghuba ya Kalloni, katika kijiji cha Skala Kallonis. Saa hazimpi mtu wa huku taabu: Ugiriki inapoingia majira ya kiangazi, saa yao inakuwa moja na ya Nairobi na Dar es Salaam. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linachomoza, na watazamaji wameshafika kwenye mashamba ya chumvi. Ni mabwawa mapana ya kina kifupi ambamo maji ya bahari huachwa yakauke, na pembeni chumvi imelundikwa kama vilima vyeupe. Aliyewahi kupita Gongoni, kaskazini ya Malindi, au kwenye mabwawa ya chumvi ya Bagamoyo, hatahitaji kuelezwa zaidi. Maji yale makali huzalisha wadudu na kamba wadogo mno, na ndicho chakula kinachowavuta ndege.

Heroe wapo, nao ndio wanaopigwa picha zaidi. Ni wale wakubwa, weupe kuliko wale wadogo wanaozaliana Ziwa Natron. Mimi ningemshauri msomaji asiwakawilie. Ashushe darubini hadi kwenye tope, kwenye ndege wadogo wanaokimbia na kudonoa bila kupumzika. Miongoni mwao yumo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, uzito wake gramu sitini hivi. Wavuvi wa Mida Creek, pale Watamu, wanamwona kuanzia Agosti na Septemba hadi Aprili, akiwa wa kijivu, wa kawaida, mmoja kati ya mamia. Lesvos mwanzoni mwa Mei ndege huyo huyo amevaa rangi ya matofali ya kuchoma kuanzia usoni hadi tumboni. Amebadilisha manyoya kwa ajili ya ndoa. Hapo hajafika bado: anakula siku chache, ananenepa, kisha anaendelea hadi tundra ya Siberia, ambako kiangazi ni kifupi mno na hana budi kutaga upesi. Sisi huku tunamfahamu katika nguo za kazi tu. Ukimwona katika nguo za sherehe unaweza kudhani ni ndege mwingine, na watu wengi hudhani hivyo.

Kutoka kwenye chumvi, njia ya vumbi hufuata mto Tsiknias. Ni mto mdogo, Agosti huwa karibu umekauka, ila Aprili bado una maji na matete. Hapa mwendo ni wa kusimama zaidi kuliko kwenda. Ndege wanaotafutwa hujificha chini ya matete na hutoka kwa sekunde chache, na nimeona jinsi burudani hii inavyowagawa watu: wapo wanaoweza kukaa kimya nusu saa kumngojea ndege wa ukubwa wa kifaranga, na wapo ambao baada ya dakika tano wanatazama simu. Hakuna aibu kuwa wa kundi la pili. Hao waende shambani, kwenye mizeituni.

Inasemekana Lesvos ina mizeituni milioni kumi na moja. Mingi ni ya kale, imepandwa kwenye makonde yaliyozungushiwa kuta za mawe yasiyo na saruji, na chini yake huota maua ya pori mekundu na ya njano ambayo kondoo hawajayamaliza. Ndiyo matembezi mazuri kuliko yote kisiwani. Hewa ina harufu ya majani, kengele za kondoo zinasikika mbali, na kila baada ya hatua mia kuna mbuawaya kwenye tawi la nje akichungulia panzi. Hudihudi hupita chini chini. Ifikapo Mei hufika ndege wa kijivu mwenye mdomo mnene na sauti ya kukwaruza, ambaye Wazungu wamempa jina la mti wenyewe wa mzeituni. Ndege huyo mzeituni wake ni wa miezi michache tu. Muda mwingi wa mwaka yuko safarini au katika vichaka vya mashariki na kusini mwa Afrika. Novemba na Desemba hunaswa kwenye nyavu za watafiti Tsavo Magharibi, jambo nitakalolirudia.

Kuna msitu wa misonobari wa Achladeri ambao mabasi ya watazamaji hayaukosi. Humo anaishi ndege mdogo mwenye doa la kahawia kifuani, anayetoboa kiota katika visiki vilivyokufa, na ndani ya Umoja wa Ulaya hazaliani penginepo ila kisiwa hiki. Anayehesabu aina za ndege maishani mwake hawezi kumwacha. Lakini yeye hasafiri, wala hana habari na sisi, basi na tupite.

Upande wa magharibi ardhi inabadilika kabisa. Mizeituni inaisha, inabaki milima ya mawe ya volkano, kavu, yenye upepo. Juu ya kilele kimoja ipo monasteri ya Ipsilou, na chini yake msitu uliogeuka mawe baada ya kufunikwa na majivu ya volkano mamilioni ya miaka iliyopita. Watazamaji hupanda hapa kumtafuta ndege wa kijivu mwenye kichwa cha njano kilichofifia, ambaye kwa Ulaya huzaliana katika visiwa vichache vya Aegean tu na huenda Sudan na Eritrea majira ya baridi. Macho yangu mimi yalivutwa na mwingine, wa rangi ya mchanga, miguu mirefu, anayesimama wima juu ya jiwe kama askari wa zamu. Ndege wa aina hiyo hukaa nyanda za Kajiado na Serengeti kuanzia Oktoba, juu ya vichuguu, karibu na ng'ombe, na mchungaji humpita kila siku bila kumpa jina. Kule Lesvos anaimba, ana mke, na anamfukuza kila anayekaribia shimo lake. Kwetu haimbi nyimbo zile, kwa sababu huku hana cha kugombania zaidi ya wadudu.

Ni katika ghuba ile ya Kalloni ambapo mwanadamu mmoja mwenye akili nyingi alilitafakari swali letu la waya mtupu na akakosea. Aristotle alikuja Lesvos miaka ya 340 na kitu kabla ya Kristo, akafuatana na Theophrastus, mzaliwa wa Eresos upande wa magharibi wa kisiwa. Alikaa miaka kama miwili, akawahoji wavuvi, akapasua pweza na chaza, na mengi aliyoyaandika kuhusu viumbe vya ghuba bado yanasomwa na wanabiolojia kwa heshima. Kuhusu ndege alijua kwamba baadhi husafiri. Aliandika kuwa korongo wa kaskazini huenda hadi vinamasi vilivyo juu ya Misri, kule Nile inakotoka, na kwa hilo alikaribia sana ukweli kuliko wengi waliomfuata. Lakini mbayuwayu alidhani hujificha mashimoni, wakiwa wamenyonyoka manyoya, hadi joto lirudi. Tena aliamini kwamba ndege mmoja mdogo wa kiangazi mwenye mkia mwekundu hugeuka kuwa ndege mwingine wa majira ya baridi mwenye kifua chekundu, kwa kuwa huyu anapotoweka ndipo yule anapotokea.

Si haki kumcheka. Angetoa wapi habari? Mtu pekee aliyeweza kumwambia mbayuwayu wanakwenda wapi alikuwa upande wa pili wa Sahara, akiwatazama wakifika. Kwa karne nyingi kila upande uliona nusu yake tu ya mwaka. Mwaka 1822 huko Ujerumani, karibu na kijiji cha Klütz, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika, akaruka nao hadi Ulaya. Bado yupo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji aliyemchoma huku Afrika hatumjui jina, lakini ushahidi wake ulikuwa na nguvu kuliko vitabu. Kisha ikaja pete: mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Na kwa upande wetu kuna Ngulia. Hoteli hiyo ya Tsavo Magharibi imejengwa ukingoni mwa mteremko, na Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mwezi, taa zake huwavuta ndege wadogo waliokuwa wakisafiri gizani. Hushuka kwa maelfu. Tangu 1969 watafiti na wasaidizi wa kujitolea wamekuwa wakitandika nyavu alfajiri, wanawapima, wanawavisha pete na kuwaachia. Idadi ya waliovishwa imefika mamia ya maelfu, na pete za Ngulia zimepatikana Ulaya na Uarabuni. Ukimwona mtu Lesvos akifurahia ndege wa kahawia wa gramu kumi na mbili kichakani, fahamu kuwa sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu safari za ndege wa namna hiyo iliandikwa kwenye daftari katika nyika ya Wakamba na Wataita.

Kwa msafiri mwenye mabawa, Mediterania si mapumziko matupu. Mwaka 2015 shirika la BirdLife International lilikadiria kuwa ndege kati ya milioni 11 na 36 huuawa au kukamatwa kinyume cha sheria katika eneo hilo kila mwaka. Huko Kupro hunaswa kwa nyavu na vijiti vya ulimbo, wakapelekwa mahotelini kisirisiri wakiwa mlo wa fahari. Hata ndani ya maumbile njia ina wauaji wake: kozi wa Eleonora, ambaye wengi wa aina yake duniani huzaliana katika visiwa vya Ugiriki, huchelewa kutaga hadi kiangazi kinapokwisha ili makinda yake yalishwe ndege wadogo wanaoshuka kusini. Amepewa jina la Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14, ambaye sheria zake zililinda vipanga na kozi. Naye akimaliza kulea hushuka kupitia Afrika Mashariki, akavuka bahari hadi Madagaska. Tofauti yake na mwenye ulimbo ni kwamba kozi hachukui zaidi ya tumbo lake.

Tusijitoe lawamani lakini. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, ndege wa majini wamekuwa wakiuawa kwa dawa ya wadudu iliyopakwa kwenye konokono na nafaka, kisha nyama hiyo hiyo yenye sumu ikauzwa kwa walaji. Mwenye shamba la mizeituni Lesvos akitunza ukuta wake wa mawe na sisi tukatia sumu kwenye majaruba, ndege hatanusurika, maana anahitaji pande zote mbili mwaka huo huo.

Siwezi kuandika habari za Lesvos nikataja ndege peke yao. Mwaka 2015 watu zaidi ya nusu milioni, wengi wakikimbia vita vya Syria na Afghanistan, walivuka mlango ule mwembamba kwa mashua za mpira. Kambi ya Moria ilijaa mara kadhaa ya uwezo wake kabla ya kuteketea Septemba 2020, na miongoni mwa waliolala humo walikuwemo Wakongo na Wasomali. Waandishi wengi hupenda kuwalinganisha watu hao na ndege. Mimi naona ni ulinganisho wa kivivu. Ndege anayevuka pale anarudi kwao. Aliyelazimika kuacha kwao ana habari nyingine, na anastahili makala yake.

Sasa kwa mwenye uwezo na nia ya kwenda. Visa ya Schengen ni lazima, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ndege huenda Athens, kutoka hapo ni ndege ndogo au meli ya usiku kutoka Piraeus hadi Mytilene, mji mkuu wa kisiwa. Walioko Uturuki huvuka kwa feri kutoka Ayvalık. Bila gari la kukodi utaona nusu ya kisiwa. Darubini nzuri ya kuanzia ni ile iliyoandikwa 8x42: hukuza mara nane, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42, inatosha kuingiza mwanga wa alfajiri. Zenye kukuza mara ishirini ziache, mkono hautulii. Ukipita geti la mfugaji lifunge kama ulivyolikuta. Msalimu mwenye shamba kabla hujainua darubini kuelekea nyumba yake, kwa maana hakuna anayependa kutazamwa chumbani kwa lenzi. Mchana jua likikaza, ndege hulala na watu hula. Dagaa wa ghuba ya Kalloni waliotiwa chumvi ni sifa ya kisiwa kizima, nao wanasifiwa kwa haki.

Asiye na nauli hajakosa kitu kikubwa, kwa sababu ndege wenyewe watamfuata. Siku ya Ndege Wahamao Duniani ilianzishwa mwaka 2006 huku huku kwetu, Laikipia, nchini Kenya, na huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Oktoba ndiyo yetu. Nenda Mida Creek kwenye daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko, au mabwawa ya chumvi ya Bagamoyo maji yakiwa yanajaa, au simama tu chini ya waya wa umeme kijijini kwako. Andika tarehe, mahali na ulichokiona, kisha tuma kwa Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas, maana zote mbili hutegemea kumbukumbu za watu wa kawaida. Na kama uko Nairobi na hutaki kuanza peke yako, chama cha Nature Kenya hufanya matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, kuanzia Makumbusho ya Taifa.